Kitanda Usichokilalia: Historia ya Kupima Madhara ya Dawa za Akili

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Siku nyingine natembea nyumba kwa nyumba, siku nyingine naketi kliniki nikipokea wagonjwa. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu, nalo ni dawa za maradhi ya akili na jinsi zinavyomfanya mtu ajisikie.

Nikisema dawa za akili katika kipindi hiki, nina maana ya zile zinazotibu saikosisi, yaani hali inayomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, au aamini kwamba majirani wamepanga njama ya kumwua. Hapa kwetu nyingi mnazijua kwa majina: Largactil, haloperidoli, na ile sindano ya kila mwezi iitwayo Modecate. Ni dawa za maana. Zimewafungua watu wengi kamba na minyororo. Lakini zina madhara yake, na historia ya kuyapima madhara hayo ndiyo nitakayokusimulia.

Utaniuliza, "Sista, historia ni ya nini, na mimi nina mgonjwa nyumbani?" Vumilia kidogo. Historia hii itakuonyesha ni kwa nini mgonjwa wako anaficha vidonge chini ya godoro, na ni swali gani unalopaswa kumwuliza leo jioni.

Kijana ambaye hakuweza kuketi

Acha nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza diploma ya uuguzi nilipangiwa kazi katika kituo kimoja cha afya mashambani. Siku moja mama mmoja alimleta kijana wake aliyekuwa ameanza haloperidoli wiki tatu zilizopita. Kijana alikuwa haketi. Alisimama, akazunguka meza, akaketi, akasimama tena, akawa anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali.

Nilimwuliza maswali niliyofundishwa. Unasikia sauti? Hapana. Unaona watu wakikufuata? Hapana. Nikaandika kwenye faili, "Bado ana fujo." Kwa sababu ya maneno yangu hayo matatu, dozi yake iliongezwa.

Mama yake alinivuta kando. "Sista," akasema, "hii si ile fujo ya zamani. Sauti zimekwisha. Lakini hakai. Hata ugali anakula akitembea." Nami nikamjibu, "Mama, dawa zinahitaji muda."

Hawakurudi tena. Miezi minne baadaye kijana aliletwa na wajomba zake, mikono imefungwa kamba. Alikuwa ametupa vidonge vyote chooni na sauti zilikuwa zimerudi. Muuguzi mmoja wa akili, mzee karibu kustaafu, aliketi kando yake kwenye benchi. Baada ya siku kadhaa, kijana alipotulia, alimwuliza, "Ulipokuwa ukimeza zile dawa, mwili wako ulikuwaje?"

Kijana akasema, "Ni kama nimekalia siafu. Nikiketi wananiuma. Nikitembea wanapunguza kidogo. Usiku ndio mbaya zaidi."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mliniuliza habari za sauti peke yake."

Msikilizaji, hali ile ina jina. Inaitwa akathisia, na maana yake ni kushindwa kuketi. Si fujo, wala si ukaidi. Ni dawa. Na mimi, kwa kutouliza, nilisababisha aongezewe ile ile iliyokuwa ikimtesa. Kijana alibadilishiwa matibabu akapata nafuu. Lakini nafasi aliyokuwa nayo ya kujifunza useremala ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda nikiandika kwamba hakina kunguni.

Kumbe kosa langu lilikuwa na historia ndefu.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa daktari

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1950, mkemia Mfaransa Paul Charpentier, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Rhône-Poulenc, alitengeneza dawa iliyoitwa klopromazini. Hiyo ndiyo Largactil. Haikutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Daktari mpasuaji wa jeshi la wanamaji, Henri Laborit, alikuwa akitafuta dawa ya kuukinga mwili dhidi ya mshtuko wa upasuaji. Alipoitumia aliona wagonjwa wanatulia kwa namna ya ajabu. Hawakulala, lakini hawakujali tena yanayowazunguka. Akawaza kwamba huenda ikawafaa wagonjwa wa akili.

Kabla ya kuwapa wagonjwa, ilijaribiwa kwa mtu mzima wa afya. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1951, katika hospitali ya Villejuif karibu na Paris, daktari wa akili aitwaye Cornelia Quarti alijitolea kudungwa dawa hiyo mshipani. Wenzake walimwuliza anajisikiaje, naye akaeleza hali ya kutojali kitu. Kisha aliposimama kwenda msalani alizirai, kwa sababu dawa ilikuwa imeshusha shinikizo la damu. Mkuu wa idara aliogopa, akasimamisha majaribio pale.

Angalia vizuri jambo hili. Mtu huyu wa mwanzo aliulizwa, akasikilizwa, na alichokipata kikawafanya wakubwa wasite. Ni kwa sababu alikuwa daktari. Neno lake lilikuwa na uzito.

Mwaka uliofuata, 1952, dawa iliingia wodini. Katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa 38 na kutangaza matokeo yake. Watu waliokuwa wakipiga kelele na kupigana walitulia, wengine wakaanza kuzungumza kwa mpango. Ilikuwa habari njema kubwa, na tusiidharau. Kabla ya hapo hospitali za akili duniani kote, pamoja na Mathari yetu ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1910, hazikuwa na dawa ya kuondoa zile sauti. Klopromazini ilienea haraka, na mwaka wa 1977 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, ilikuwamo.

Mgonjwa akatazamwa

Haukupita muda kabla ya madhara kuonekana. Mwaka wa 1954 Hans Steck wa Lausanne, nchini Uswisi, aliandika kwamba baadhi ya wagonjwa walitembea na kutetemeka kama wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Mikono haikuyumba wakitembea, uso ulikuwa mkavu kama kinyago, mate yalitoka. Mwaka wa 1957, kule Ujerumani, Schönecker alieleza jambo jingine: midomo na ulimi kucheza vyenyewe bila mtu kutaka. Baadaye ilijulikana kwamba hali hii huweza kuja baada ya miaka mingi ya dawa, na nyakati nyingine haiondoki hata dawa ikisimamishwa.

Mwaka wa 1958 maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji ikatoa haloperidoli, ambayo ni kali zaidi kwa upande huu wa misuli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaja sindano zinazokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Hapo mgonjwa hakuweza hata kuficha kidonge. Dawa ikishaingia, imeingia.

Madaktari walihitaji kuyapima madhara hayo. Walifanyaje? Walitazama. Mjerumani mmoja, Hans-Joachim Haase, alimpa mgonjwa kalamu aandike, akaangalia kama herufi zimeanza kuwa ndogo na kubanana. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba dawa imefika kiwango cha kufanya kazi. Kilichopimwa kilikuwa umbo la herufi, si maana ya maneno.

Mwaka wa 1970 Simpson na Angus walitoa kipimo chenye mambo kumi. Mchunguzi anatazama mwendo wa mgonjwa, anainua mikono yake na kuiachilia ianguke, anakunja kiwiko na kifundo cha mkono, anagonga kidogo katikati ya nyusi, anaangalia mtetemeko na mate. Kisha anatoa alama. Mgonjwa anaweza kumaliza uchunguzi wote bila kufungua kinywa isipokuwa kuonyesha mate. Mwaka wa 1976 Marekani ilitoa kipimo kingine kiitwacho AIMS, cha kuchunguza zile harakati za midomo, ulimi, mikono na miguu. Kina mambo 12, na katika hayo moja tu linahusu kama mgonjwa mwenyewe anazifahamu harakati hizo na kama zinamkera.

Sisemi vipimo hivi ni vibaya. Vinatumika hadi leo na vinasaidia, maana yapo madhara ambayo mgonjwa mwenyewe hayaoni. Mtu anaweza kutafuna hewa mchana kutwa asijue. Lakini jicho linaona kilicho nje. Siafu wa yule kijana walikuwa ndani.

Swali la mwaka wa 1974

Katika miaka hiyo, mgonjwa aliyekataa dawa alihesabiwa kuwa hajui kwamba anaumwa. Alionekana mkaidi, au ugonjwa wenyewe ndio uliosema kwa kinywa chake. Theodore Van Putten, daktari wa akili huko California, Marekani, aliamua kuuliza swali jepesi: kwa nini wanakataa?

Alichunguza wagonjwa 85 na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1974. Asilimia 46 kati yao walimeza dawa pungufu kuliko walivyoandikiwa. Na kusita kwao kulihusiana sana na madhara ya misuli, hasa akathisia ile isiyoonekana kwa urahisi, ambayo mtu anaihisi ndani na wewe ukimtazama huoni kitu kikubwa.

Yaani wengi hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakikimbia siafu.

Miaka mitatu baadaye, 1977, madaktari wawili wa Israeli, Belmaker na Wald, waliandika kuhusu jaribio walilojifanyia wenyewe. Walikuwa wazima, bila ugonjwa wowote wa akili, wakadungwa miligramu 5 za haloperidoli mshipani. Mawazo yao yalipungua kasi, mwili ukawa mzito, na ndani wakapata hali ya kutotulia isiyovumilika. Wote wawili walishindwa kuendelea na kazi, na ikapita zaidi ya siku moja na nusu kabla ya kurudi. Watu wazima, wasomi, kwa sindano moja tu! Na wodini walikuwamo wagonjwa waliopata dozi kama hiyo au zaidi kila siku, wakaambiwa watulie.

Tena tunarudi kwa Cornelia Quarti wa mwaka wa 1951. Daktari akisema dawa imemtesa, inaandikwa kwenye jarida. Mgonjwa akisema, inaandikwa "bado ana fujo."

Karatasi mkononi mwa mgonjwa

Polepole mambo yalianza kubadilika. Mwaka wa 1983, huko Toronto nchini Kanada, Hogan, Awad na Eastwood walitoa orodha ya sentensi 30 ambazo mgonjwa mwenyewe anajibu kweli au si kweli, kuhusu jinsi dawa inavyomfanya ajisikie na anavyoiona. Mwaka wa 1987 nchi za Ulaya ya Kaskazini zilitoa kipimo kiitwacho UKU, chenye madhara 48, ambapo mhudumu anamhoji mgonjwa jambo kwa jambo. Mwaka wa 1989 Thomas Barnes wa Uingereza alitoa kipimo cha akathisia peke yake. Yeye alifanya jambo la busara. Kwanza mchunguzi anatazama miguu. Kisha anamwuliza mgonjwa kama anahisi ndani hali ya kutotulia. Halafu anamwuliza hali hiyo inamtesa kiasi gani. Jicho na sikio vikapewa kazi pamoja.

Lakini mpaka hapo kalamu ya kuandika madhara ya mwili mzima ilikuwa bado mkononi mwa mhudumu. Kulikuwa na shaka moja iliyowazuia watu: je, mtu mwenye saikosisi anaweza kuaminiwa kuelezea mwili wake? Si ataweka alama kila mahali?

Mwaka wa 1995 watafiti wa Liverpool, Uingereza, wakiwamo Jennifer Day na Richard Bentall, walitoa jibu. Waliandika karatasi iitwayo LUNSERS, yenye mambo 51 ambayo mgonjwa anajijazia mwenyewe, akionyesha kila moja limemsumbua mara ngapi katika mwezi uliopita. Na humo ndani waliweka mtego. Mambo 41 ni madhara ya kweli ya dawa, kama kinywa kukauka, choo kigumu, kutetemeka, kunenepa. Mengine 10 si madhara yanayojulikana ya dawa hizi: mafua, nywele kukatika, kucha dhaifu, vidonda vya kinywani. Mtu anayeweka alama ovyo ovyo atanaswa na yale kumi.

Matokeo yalikuwaje? Majibu ya wagonjwa yalikubaliana vizuri na alama walizotoa wahudumu kwa kutumia kipimo cha UKU. Mgonjwa alikuwa shahidi wa kuaminika.

Msikilizaji, hebu tua kidogo juu ya jambo hili. Tangu klopromazini iingie wodini mwaka wa 1952 hadi karatasi hiyo ya mwaka wa 1995 ni miaka 43.

Mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona

Nataka nikae kidogo kwenye karatasi hizi, kwa sababu ndani yake mna maswali ambayo mimi, kama muuguzi, niliona haya kuyauliza.

Dawa nyingi za aina hii hupandisha homoni iitwayo prolaktini. Ikipanda, mwanamke anaweza kukosa hedhi kwa miezi, au maziwa yakatoka bila mtoto. Fikiria mke aliyeolewa juzi. Anakosa hedhi, wakwe wanafurahi kwamba amepata mimba, na miezi inapita hakuna mimba. Anaanza kuitwa tasa. Naye anajua moyoni kwamba mambo yalibadilika alipoanza vidonge. Utashangaa akiviacha?

Mwanamume naye anaweza kupoteza hamu ya tendo la ndoa, au akashindwa kabisa. Hatakwambia. Hasa hatamwambia muuguzi aliye na umri wa binti yake, mlango ukiwa wazi na mama mzazi ameketi pale pale. Atasema tu, "Dawa zimenishinda," na wewe utaandika kwamba amekataa matibabu.

Hapo ndipo karatasi inaposaidia. Swali likiwa limeandikwa, mgonjwa anatambua kwamba si yeye peke yake, kwamba wengine walipatwa na jambo hilo mpaka likachapishwa. Anaweka alama kimya kimya. Nimeona wanaume wazima wakiiweka na kuusukuma upesi ule ukurasa kwangu wakitazama dirishani. Hiyo inatosha. Mazungumzo yanaanzia hapo.

Dawa mpya, maswali mapya

Miaka ya 1990 zilikuja dawa za kizazi cha pili kama risperidoni na olanzapini. Nyingi hazikakamazi misuli sana kama zile za zamani, na watu wakadhani tatizo limekwisha. Kumbe kunguni walikuwa wamehama tu. Dawa hizi, hasa olanzapini na klozapini, zinaweza kumnenepesha mtu upesi na kupandisha sukari na mafuta katika damu.

Mwaka wa 2005 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CATIE ulitoa matokeo yake. Ulikuwa umewafuata wagonjwa karibu 1,500 wa skizofrenia waliopewa dawa mbalimbali, mpya na ya zamani. Kabla ya miezi 18 kwisha, asilimia 74 walikuwa wameacha dawa ya kwanza waliyopangiwa. Wengine iliwashinda kwa madhara, wengine haikuwasaidia vya kutosha, wengine waliamua wenyewe kuiacha.

Kwa dawa mpya yalihitajika maswali mapya. Mwaka wa 2008 Waddell na Taylor walitoa kipimo cha Glasgow, kiitwacho GASS, chenye maswali 22 yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Yanagusa usingizi, kizunguzungu, kutotulia, kiu na mkojo mwingi, hedhi, tendo la ndoa, uzito. Na kando ya maswali kuna mahali pa kuweka alama kama jambo hilo linamtesa mgonjwa. Hilo ni muhimu sana. Mkono kutetemeka kidogo ni jambo dogo kwa mlinzi wa usiku, lakini kwa fundi cherehani ni mkate wake. Ni yeye anayejua uzito wa tatizo lake.

Na hapa kwetu je?

Uingereza ilianza mfumo wa kadi ya manjano wa kuripoti madhara ya dawa mwaka wa 1964, lakini wagonjwa wenyewe walianza kukubaliwa kuripoti mwaka wa 2005. Hapa Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu yake ya manjano ambayo sisi wahudumu tunajaza, na mwaka wa 2010 nchi yetu ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa. Nayo Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022, ikaweka wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake na ridhaa yake itafutwe.

Lakini fomu na sheria haziketi benchi na mgonjwa. Kliniki zetu zina foleni. Muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wa akili, wajawazito na watoto wa chanjo asubuhi moja. Swali linaloulizwa haraka ni, "Bado unasikia sauti?" Ndiyo sababu nakuomba wewe wa nyumbani utusaidie. Huhitaji diploma. Unahitaji daftari na dakika kumi.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Mketi mahali pa faragha, wewe na mgonjwa wako tu. Mwulize kuhusu wiki moja iliyopita. Kwa kila swali ajibu: hapana, mara moja moja, mara nyingi, au kila siku. Kisha umwulize, "Linakusumbua kiasi gani?" Andika maneno yake, si tafsiri yako.

1. Je, umeshindwa kuketi au kulala kwa sababu miguu au mwili unataka kutembea?
2. Je, mikono inatetemeka, misuli imekakamaa, au mate yanakutoka?
3. Je, unalala kupita kiasi, au unaamka ukiwa mzito usiweze kufanya kazi?
4. Je, unapata kizunguzungu ukisimama?
5. Je, kinywa kinakauka, choo ni kigumu, au macho yana ukungu?
6. Je, nguo zimeanza kukubana, una kiu nyingi au unakojoa mara nyingi?
7. Je, kuna mabadiliko katika hedhi, matiti, au mambo ya unyumba?
8. Je, kuna jambo jingine ambalo sikukuuliza?

Swali la nane usiliruke kamwe. Kama mgonjwa hapendi kuulizwa na wewe, mpe daftari aandike mwenyewe, au amwite ndugu anayemwamini. Si kila jambo atakalolitaja linatokana na dawa. Uchovu unaweza kuwa malaria, ukosefu wa damu, au ugonjwa wenyewe. Kazi yako si kuamua. Kazi yako ni kulifikisha kliniki.

Kabla hatujaagana, kumbuka haya

Usimwachishe mgonjwa dawa ghafla kwa sababu ya kipindi hiki. Ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu, kama ulivyorudi kwa yule kijana. Madhara mengi yana njia ya kupunguzwa: dozi kushushwa polepole, dawa kubadilishwa, au kuongezwa nyingine ya kusaidia kama Artane kwa misuli iliyokakamaa. Hayo huamuliwa na mhudumu wa afya pamoja na mgonjwa.

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona shingo imepinda, macho yamegeukia juu au ulimi umekaza. Au akiwa na homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa. Anayetumia klozapini akipata homa au koo kuuma, apimwe damu siku hiyo hiyo. Na yeyote anayesema kwamba hali ya kutotulia imemfanya atamani kufa, asiachwe peke yake hata dakika moja. Mpeleke.

Nawe muuguzi mwenzangu unayesoma kijitabu hiki, kabla ya kuandika "fujo" au "mkaidi" kwenye faili, uliza kwanza mwili wake ukoje. Mimi sikuuliza, na mama alikuwa amekwisha kuniambia.

Yule kijana namwona hadi leo siku za soko. Hufyatua matofali, na ana kazi. Tukikutana tunasalimiana, na kabla sijamwuliza lolote yeye hucheka na kusema, "Sista, leo siafu hawapo." Kisha ananiambia yaliyopo, kama yapo, nami ninatoa kalamu.

Hadi kipindi kijacho, nakutakia afya njema wewe na jamaa yako. Kwaheri.